Spartan yupi mkali zaidi? Kwanza uliza alipatikanaje

Kama ulikuwa hujui, Mombasa yetu imeshabomolewa. Tarehe ni Oktoba 20, mwaka wa 2552. Meli ya viumbe wa sayari za mbali imening'inia juu ya kisiwa. Ikaondoka kwa kishindo, na mnara wa lifti ya kupandisha mizigo hadi angani ukaporomoka. Vipande vyake unakuja kuviona hadi upande wa Tsavo. Na wewe uko katikati ya hayo yote, bunduki mkononi, unatafuta pa kujificha.

Hiyo ni Halo 2, gemu ambayo kampuni ya Bungie ya Marekani iliitoa Novemba 9, 2004 kwa mashine ya Xbox. Huku kwetu Xbox haikuvuma sana. Kwenye vibanda vya gemu, kuanzia Majengo hadi Kibokoni, mfalme ni PlayStation na ubishi ni wa mpira. Lakini mambo yanabadilika. Gemu za Halo sasa zinachezwa kwenye kompyuta, na Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba kampeni ya gemu ya kwanza inaundwa upya na itafika hadi PlayStation 5. Kwa hivyo ule ubishi ambao mashabiki wa Halo wamekuwa nao kwa miaka utafika barazani kwako pia: kati ya vizazi vinne vya Spartan, yupi mkali?

Kabla hujajibu, acha nikupitishe kwenye vizazi vyenyewe. Na kwa sababu vita vyao vililetwa hadi mlangoni petu, nitakuomba uniwie radhi nikikutoa kwenye gemu mara moja moja nikuoneshe ya kwetu.

Ramani kwanza

Waliotengeneza gemu hizi walichukua majina yetu kikweli. Katika Halo 3: ODST, iliyotoka Septemba 2009, kuna sehemu inaitwa Kizingo Boulevard na nyingine Kikowani Station. Kuna Tayari Plaza pia, na mtu wa Mombasa akilisikia jina hilo lazima awaze Mwembe Tayari. Halo 3 ya 2007 ina Tsavo Highway, halafu vita vinahamia Voi. Kuna hata uwanja wa mapambano uliopewa jina la Zanzibar.

Ila kuna mahali walituchanganya. Kwenye Halo 2, Mombasa ya Kale iko ng'ambo, bara, na unavuka daraja refu kwa kifaru ili uingie mji mpya ulioko kisiwani. Sisi tunajua Mji wa Kale uko kisiwani penyewe, ubavuni mwa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Mzee wa Ndia Kuu akisikia mtaa wake umehamishiwa bara, atakuuliza umekula nini. Na hicho kifaru, wallahi, kingejaribu Daraja la Nyali saa kumi na moja jioni tuone kama kingepita.

Sasa twende kwa wenyewe.

Kizazi cha kwanza: waliojitolea wakasahaulika

Kabla ya jina Spartan kujulikana, kulikuwa na mradi wa siri ulioitwa ORION. Jeshi lilichukua wanajeshi watu wazima, waliojitolea, likawaimarisha miili kwa dawa na upasuaji. Matokeo hayakulingana na gharama, mradi ukafungwa, na watu wakarudishwa kwenye vikosi vya kawaida kana kwamba hakuna kilichotokea. Baadaye ndipo wakaanza kuitwa Spartan-I.

Unamjua mmoja wao bila kujua kwamba unamjua: Sajini Avery Johnson, yule mwenye sigara mdomoni na maneno mengi. Gemu nzima unamwona kama sajini wa kawaida tu.

Nguvu zao? Za kawaida ukiwalinganisha na waliofuata. Lakini shika jambo moja: walikuwa watu wazima na walikubali. Tutarudi hapo.

Kizazi cha pili: John na wenzake 74

Hapa ndipo Master Chief anapotoka. Jina lake ni John, namba yake 117. Mwaka wa 2517, mwanasayansi Catherine Halsey aliwachagua watoto 75 wenye umri wa miaka sita hivi, kutokana na vinasaba vyao. Hawakuombwa. Waliibwa usiku vitandani mwao. Mahali pao ziliwekwa nakala za miili yao, watoto wa kutengenezwa maabara, ambao haukupita muda wakaugua na kufa. Wazazi wakazika, wakalia, wakijua wamemzika mtoto wao. Wa kweli alikuwa kambini kwenye sayari ya Reach, anafundishwa kuua.

Mwaka wa 2525, wakiwa na miaka kumi na minne, wakapelekwa kwenye upasuaji. Mifupa ikatiwa madini ili isivunjike, misuli ikaongezwa, macho na mishipa ya fahamu ikachezewa. Kati ya wale 75, walikufa 30. Kumi na wawili wakabaki walemavu. Waliotoka wazima ni 33.

Hao 33 ndio hatari kuliko wote. Deraya yao, MJOLNIR, ina nguvu kiasi kwamba binadamu wa kawaida akiivaa na kujaribu kutembea, inamvunja mifupa. Kwa nguvu, kasi na mafunzo, hakuna kizazi kingine kinachowafikia. Kama swali lako ni la ubavu tu, jibu ni hilo, funga ukurasa.

Lakini usifunge. Kuna kitu wengi hukiruka: Halsey hakuwaiba watoto hao ili wapigane na viumbe wa angani. Mwaka wa 2517 hakuna aliyejua kwamba viumbe hao wapo. Spartan-II walitengenezwa ili wakazime uasi wa binadamu wenzao, makoloni yaliyotaka kujitawala. Maadui wa angani walipotokea 2525, wale watoto wakageuka mashujaa wa ulimwengu, na swali la walikotolewa likafunikwa na makofi.

Afrika Mashariki hatuhitaji gemu kujua hadithi hii. Kaskazini mwa Uganda, kundi la LRA la Joseph Kony liliteka maelfu ya watoto vijijini mwao na kuwageuza wapiganaji. Mmoja wao, Dominic Ongwen, alitekwa akiwa bado mtoto, akakulia msituni, akapanda cheo hadi kuwa kamanda. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimpata na hatia ya makosa 61, na Mei mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Majaji walipopima adhabu, walizingatia kwamba alitekwa akiwa mdogo. Hata hivyo hawakumwachilia, kwa sababu aliyoyafanya akiwa mtu mzima yalikuwa yake.

Nimesoma mashabiki wakimtetea Halsey kwamba bila yeye binadamu wangekwisha. Sawa. Lakini waulize wale 30 waliofia mezani kwa daktari kama na wao wameokoka.

Kizazi cha tatu: mayatima wa bei nafuu

Vita vilipozidi, Spartan-II walikuwa wachache na deraya moja ya MJOLNIR ilikuwa ghali mno. Kanali James Ackerson akaja na hesabu yake: tutafute Spartan wengi, wa haraka, wa bei ya chini. Wakitumwa kule wasikorudi watu, hasara isiumize bajeti.

Aliwapata wapi? Kwenye sayari zilizoteketezwa. Watoto waliowapoteza wazazi wao, baadhi wakiwa na miaka minne tu, wakaulizwa kama wanataka kulipiza kisasi. Mtoto wa miaka minne hadi sita aliyemwona mamake akiungua atakujibu nini? Kwenye karatasi, hawa walijitolea. Hakuna aliyewaiba. Ndiyo maana kizazi hiki kinanisumbua kuliko cha pili.

Walifundishwa kwenye sayari ya siri ya Onyx na Kurt, namba 051, ambaye mwenyewe ni mmoja wa wale walioibwa. Upasuaji ulikuwa umeboreshwa. Lakini deraya waliyopewa, SPI, ilikuwa ya kujificha zaidi kuliko ya kukinga. Kundi la mwisho, Gamma, lilitiwa hadi dawa za kuongeza ukali ubongoni, zilizopigwa marufuku, ikabidi watoto wameze dawa nyingine kila mara ili wasirukwe na akili.

Sasa hesabu. Kundi la Alpha lilikuwa na Spartan 300. Mwaka wa 2537 walitumwa kwenye operesheni iliyoitwa PROMETHEUS. Waliotumwa huko hawakurudi. Walikuwa wameanza mafunzo 2531 wakiwa wadogo, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe walikufa na umri gani. Mwaka wa 2545 wakatumwa 300 wa kundi la Beta, operesheni TORPEDO. Walirudi wawili, Tom na Lucy. Lucy aliporudi alikuwa hawezi kusema tena.

Kama umecheza Halo: Reach ya 2010, timu ya Noble ndiyo hao hao. Carter, Kat, Emile, Jun na yule Six unayemwendesha wewe wote ni kizazi cha tatu, waliotolewa kwenye makundi yao kabla ya maangamizi. Ni Jorge pekee aliye wa kizazi cha pili. Reach inapoisha, kati ya sita amebaki Jun tu.

Nikusogeze Voi kidogo. Mwishoni mwa Halo 3 kuna mnara wa kumbukumbu juu ya kilima karibu na Voi, na juu yake mtu amekwaruza namba 117 kwa ajili ya Master Chief. Inatia uchungu, na mashabiki wengi hulia. Hao mia tatu wa Alpha hawana chao kwenye kilima kile.

Na Voi ya kweli? Voi ya kweli ina makaburi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa sababu vita kati ya Waingereza na Wajerumani vilipiganwa pale jirani, upande wa Taveta. Vita hivyo vilibebwa mgongoni na wapagazi Waafrika, wale wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mwaka wa 1917 waliswagwa kwa nguvu kutoka vijijini, wakabeba risasi na chakula, wakafa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi. Ripoti ilionesha kwamba wanajeshi na wapagazi wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri.

Usiniambie basi kwamba hesabu ya Ackerson ni hadithi ya kubuni. Kila vita vina watu ambao gharama yao ilipangwa iwe ndogo.

Kizazi cha nne: "Njoo, kazi ipo"

Vita viliisha, na Spartan-IV wakaja kwa mtindo mwingine. Hawa ni watu wazima, wanajeshi waliokwisha pigana, walioombwa na kukubali. Teknolojia imekua, upasuaji hauui kama zamani, deraya ni mpya. Ndio unaowaona kwenye Halo 4 ya 2012 wakiwa na kamanda wao Sarah Palmer, na kwenye Halo 5 ya 2015 wakiongozwa na Jameson Locke.

Kwa nguvu peke yake wako chini ya kizazi cha pili, na wana maringo kidogo. Mashabiki wa zamani huwacheka, ati ni Spartan wa kununua dukani. Mimi siwacheki. Kwangu hawa ndio wa kwanza tangu ORION ambao unaweza kuwatazama usoni na kuwauliza "ulitaka?" wakakujibu kama watu wazima.

Lakini hata hapo kuna ya kuuliza. Wakala wa kuwasajili ni nani? Ni Jun, yule yule aliyebaki peke yake Reach. Mtoto yatima aliyesajiliwa kwa kisasi amekua, sasa yeye ndiye anayebisha milango ya wengine. Na si kila aliyesajiliwa alitulia. Mickey, aliyekuwa kwenye kikosi cha ODST kilichopigana Mombasa, alifanywa Spartan-IV, kisha akawasaliti wenzake kwa waasi.

Neno "kujitolea" nalitazama kwa jicho la pili siku hizi, na nadhani wewe pia. Mimi niliacha chuo karo ilipogoma, kwa hivyo jumbe za "kazi ipo ng'ambo, tiketi tunalipa sisi" zinanifikia kwenye simu kama zinavyokufikia wewe. Mwaka wa 2025 tulisikia habari za vijana wa Kenya waliokwenda Urusi wakiahidiwa kazi, wakajikuta na sare za jeshi kwenye vita vya Ukraine. Novemba mwaka huo serikali ilisema huenda zaidi ya Wakenya 200 walikuwa wamesajiliwa. Walitia sahihi, ndiyo. Kwenye karatasi iliyoandikwa lugha gani? Wakiambiwa wanaenda kufanya nini? Na kama nyumbani kungekuwa na kazi, wangeondoka?

Edward Buck angalau aliijua kazi. Alikuwa kiongozi wa kikosi kile kile cha ODST, alishaona maiti, alishapoteza watu, na alipoulizwa na Jun alijua anaulizwa nini. Tofauti kati ya kujitolea na kulaghaiwa iko hapo: je, aliyekuuliza alikwambia yote?

Halafu kuna wasio Spartan kabisa

Sasa jambo ambalo mtu wa Mombasa anafaa alione kabla ya wengine wote. Gemu iliyojaa mitaa yetu kuliko zote, ODST, haikupi Spartan wa kumwendesha hata mmoja. Master Chief alipita hapa mchana katika Halo 2, akavuka daraja, akaondoka akiifuata ile meli. Wewe unabaki usiku, kwenye mvua, ukiwa mwanajeshi wa kawaida aliyerushwa kutoka angani ndani ya kopo la chuma. Huruki juu kama Spartan. Huna kinga inayojijaza yenyewe kama ya Chief. Ukiumia unatafuta dawa ukutani. Kwenye simu za barabarani unamsikia msichana anayeitwa Sadie Endesha akihangaika kumfikia babake mjini.

Chief aliondoka kwa sababu vita vyake vilikuwa vikubwa kuliko mji mmoja. Mji ukaachiwa watu wa kawaida, polisi, na kompyuta ya manispaa iliyokuwa ikiwasha na kuzima taa kuwaonesha watu njia salama. Kumbe hata waandishi wa Marekani walilijua hilo kuhusu miji kama yetu.

Basi nipange

Uliniuliza yupi mkali, nisikukimbie. Ukipanga kwa ubavu, ni kizazi cha pili, halafu cha tatu na cha nne wanakaribiana kutegemea deraya na mtu mwenyewe, na cha kwanza kinafunga mkia.

Ukipanga kwa kuuliza walivyopatikana, orodha inapinduka. Cha nne na cha kwanza kinakuwa juu, kwa sababu waliulizwa wakiwa na akili za kujibu. Cha pili chini, waliibwa. Na mwisho kabisa naweka cha tatu. Najua wengi wenu mngeweka cha pili hapo. Lakini aliyeibwa anajua ameibwa, na siku moja anaweza kumdai aliyemwiba. Halsey alikuja kutiwa mbaroni vita vilipoisha. Yatima wa Alpha aliambiwa kwamba amechagua mwenyewe, akafa akiamini hivyo kabla hajafika umri wa kupata kitambulisho.

Kenya iliridhia mwaka wa 2002 itifaki ya kimataifa inayokataza watoto walio chini ya miaka 18 kupelekwa vitani. Chini ya sheria hiyo, kati ya vizazi vyote vinne, ni viwili tu vingeruhusiwa kuwepo. Na ni vile viwili ambavyo hakuna anayenunua fulana zake.

Kwa hivyo ukikaa barazani na masela ubishi ukianza, cheza na wewe. Taja Linda na bunduki yake ya masafa, taja Emile na kisu chake, taja umtakaye. Lakini akija mtu akakwambia shujaa wake ni mkali kuliko wote, muulize maswali mawili kabla hujamkubalia: nani alimsajili, na alikuwa na miaka mingapi. Na siku simu yako ikiingia ujumbe wa kazi ng'ambo, maswali ni yale yale. Muulize anayekuandikia ni nani, na nini hajakwambia.